Kisanduku Kwenye Meza ya Mavuno

Watu wa Kabati, kijiji chetu huko Kitui, wakisimulia kisa hiki hucheka. Mimi sicheki. Nimekisikia matangani, nimekisikia kwenye foleni ya maji, na mara moja nilikisikia kwa kinyozi, ambaye hakujua kwamba huyo "Ulaya" anayemtaja ndiye aliyekaa mbele yake na povu shingoni. Nilinyamaza kwa sababu wembe ulikuwa mkononi mwake. Leo wembe haupo. Nakiandika mwenyewe, kwa kuwa mimi ndiye niliyevinunua vile visanduku viwili, na mimi ndiye niliyedharauliwa.

Kwanza ieleweke kwamba sikupewa kitu na mtu. Nilichoma makaa Kanyangi nikiwa bado mtoto wa shule. Nilijifunza kutengeneza redio kwa kuziharibu, huko Kibwezi kando ya barabara ya Mombasa, nyuma ya duka la vipuri, nikiwa na meza moja na chuma cha kuunganishia nyaya nilichokipasha moto kwenye jiko la makaa. Kutoka meza ile nilifika Ujerumani. Sikuwa na mjomba serikalini wala mchango wa kijiji. Nilisafisha sakafu za watu usiku na kusoma mchana, nikarudi na stashahada ya elektroniki yenye muhuri mwekundu. Mwaitu, yaani mama yetu, aliitundika sebuleni juu ya kalenda ili kila anayekuja kunywa chai aione. Lugha yake hawakuijua, lakini muhuri waliuona.

Mdogo wangu alibaki nyumbani. Yeye ni mpiga gitaa, na hilo sitalipinga hata nikiwa na hasira namna gani. Vidole vyake vinapita kwenye nyuzi kama mwanamke anayechambua ndengu, upesi na bila kuangalia. Lakini gitaa la umeme bila amplifaya ni ubao, na amplifaya pekee aliyowahi kuitumia ni ile ya kanisa, iliyokuwa ikiendeshwa kwa betri ya lori. Akawa mpiga gitaa wa Jumapili tu, na siku nyingine mchungaji wa ng'ombe watatu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, mwenye hoteli mmoja wa Kibwezi alitangaza kwamba anatafuta mpiga gitaa wa kudumu. Spika alikuwa nazo, stima alikuwa nayo, ila kila mpigaji angekuja na chombo chake cha kulipatia gitaa sauti. Majaribio yangekuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mdogo wangu alikuwa na mke na mtoto wa pili njiani. Akiipata kazi ile angeishi kwa gitaa lake. Akiikosa, basi ni ng'ombe mpaka uzee.

Mimi ndiye niliyekuwa na dawa. Nilikuwa nimerudi na visanduku viwili vya kisasa ambavyo huiga, kwa kompyuta ndogo iliyo ndani, sauti za amplifaya kubwa ambazo mtu mmoja hawezi kuzinyanyua. Cha kwanza kilikuwa kidogo kama nusu mche wa sabuni ya kufulia. Kilitumia betri za tochi, na sauti zake zilihesabika kwa vidole. Nilikinunua ili niweze kupigapiga chumbani bila mama mwenye nyumba kugonga ukuta. Cha pili kilikuwa kikubwa, kirefu kama mkono, chenye pedali za kukanyaga, kidirisha cha taa, na sauti nyingi kiasi kwamba mimi mwenyewe sikuwahi kuzifikia zote. Hicho ndicho nilichokiwekea akiba majira mengi ya baridi. Kilitaka stima ya ukutani, na kilitaka kichwa kinachofikiri.

"Chagua kimoja," nilimwambia mdogo wangu. "Kingine nitakwenda nacho Nairobi, kwenye karakana yangu."

Nilisema chagua. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshamchagulia.

Alivijaribu jioni mbili kwa vipokea sauti vya masikioni, kikubwa tukikiwasha kwa jenereta niliyoikodi Kitui mjini. Ya tatu akaja nilikokaa.

"Hiki kidogo kinanitosha, kaka."

"Na kikubwa?"

"Kikubwa kizuri. Lakini nikitafuta sauti moja napotea huko ndani. Nikitoka, wimbo umeisha."

"Utajifunza. Mimi nilijifunza Kijerumani."

"Wewe ulikuwa na miaka. Mimi niko na mpaka Jumamosi."

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia kwamba nimekibeba magotini ndani ya ndege, kwamba huko Ulaya wapigaji wakubwa wanakililia, na kwamba umaskini humfanya mtu aogope kitu kizuri hata kikiwekwa mkononi mwake. Mwaitu ndiye aliyejibu, akiwa jikoni anapepeta mbaazi.

"Acheni kelele. Vipelekeni kanisani Jumapili. Pale kuna spika na kuna masikio. Watu wasikie, mjue."

Jumapili ile ilikuwa ya shukrani ya mavuno. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, na watu walikuja na walichonacho. Kwetu mtu asiye na pesa hutoa kuku, mayai, boga, mtama, hata mbuzi. Vitu huwekwa kwenye meza ya mbele, wanyama hufungwa nje, mchungaji huombea vyote, kisha katibu wa kanisa huvitoa uwanjani na kuvipiga mnada. Kitu kikishawekwa juu ya meza ile na kuombewa si chako tena. Hilo mtoto wa Kabati hulijua kabla hajajua kuhesabu. Nami nililijua. Nililijua vizuri kabisa, na nitaeleza kwa nini hata hivyo siyo kosa langu.

Sakafu ya kanisa ilikuwa ya udongo, na akina mama walikuwa wameinyunyizia maji asubuhi ili vumbi litulie. Mtu mwenye elimu ya elektroniki haweki chombo kwenye matope. Kikubwa nilikilaza juu ya viti viwili. Kidogo hakikuwa na mahali. Nikakiweka pembeni mwa meza ya mbele, kati ya boga na kibuyu cha maziwa, kwa dakika chache tu, mpaka zamu yake ifike.

Tulianza na kikubwa, bila shaka. Ile jenereta ya kukodi niliibeba, nikaiweka nyuma ya jiko la kanisa. Mdogo wangu alipiga ubeti mmoja, na nawaambia, hata mchungaji aligeuza shingo. Kisha jenereta ikakohoa. Kisanduku kikazimika, kikawaka upya, na kikawaka kwenye sauti yake ya kwanza kabisa, ile ya vijana wa Ulaya wenye nywele ndefu, inayokwaruza kama bati linaloburutwa juu ya mawe. Kina mama wakaziba masikio. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Shetani ashindwe!" Watu wakacheka. Mdogo wangu akakanyaga huku na huku akitafuta sauti ya mwanzo. Alipoipata, jenereta ikakohoa tena.

Nikatoka kwenda kuitengeneza. Kabureta ilikuwa imejaa uchafu. Niliifungua pale pale, suti yangu ikiwa mwilini, nikaisafisha kwa mate na kitambaa. Ibada ikaendelea bila mimi. Nilisikia maombi marefu. Baadaye, jenereta ikishaanza kunguruma sawasawa, nilisikia watu wametoka uwanjani, na katikati ya kelele nikashika maneno ya katibu: "…kijana wetu… kutoka Ulaya… makofi!" Wakapiga makofi mengi.

Nilijua wananishukuru. Nilitabasamu peke yangu nyuma ya jiko, nikakaza skrubu ya mwisho bila haraka, nikanawa mikono. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Walikuwa wakikiuza kisanduku changu, na mimi nikawa natabasamu.

Nilipofika uwanjani kilikuwa kimeshakwenda, kwa bei ya majogoo wawili. Aliyekinunua alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi kutoka upande wa Garissa, mwenye duka hapo Kabati, ambaye hakosi minada ya makanisa kwa sababu mbuzi wa sadaka huwa wazuri. Alikuwa amekishika kama mtu aliyeshika yai.

"Hicho ni changu," nilimwambia katibu.

"Kilikuwa chako," akajibu. "Ulikiweka mezani kwa mkono wako. Nimekuona."

"Nilikiweka kwa sababu sakafu ilikuwa maji!"

"Boga nalo liliwekwa kwa sababu sakafu ilikuwa maji?"

Watu wakaangua kicheko. Hapo nikasema maneno ambayo siyajutii sana. Nilimwambia kwamba mtu asiyejua tofauti ya redio na kompyuta ya gitaa hafai kuuza hata mayai. Nilimwambia kwamba mimi nina stashahada, na yeye ana kalamu ya kuazima. Kicheko kikakatika. Mchungaji akaja kati yetu, akasema kwa upole kwamba nikiomba radhi kwa kuchezea meza ya Bwana, wazee wangeangalia la kufanya.

Mfanyabiashara mwenyewe akanisogelea. "Ndugu yangu, mimi sitaki ugomvi na kanisa. Nilidhani ni redio, nimpelekee binti yangu. Ukisema neno tu, chukua."

Neno tu. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, gitaa likining'inia, na nilihisi macho yake mgongoni. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Lakini niliyepaswa kuombwa radhi ni mimi. Niseme nimekosea, mbele ya watu waliokuwa wakinicheka nikiuza makaa? Nikamwambia yule bwana abaki nacho. Nikamgeukia mdogo wangu.

"Basi. Mungu amekwisha chagua. Utakwenda na kikubwa."

"Mungu hakuchagua, kaka. Wewe ulikiweka mezani."

Hatukusemezana siku sita. Mwaitu alikuwa akituwekea muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye sahani mbili, kila mtu na pembe yake ya nyumba. Jumamosi alfajiri mdogo wangu aliondoka na gitaa mgongoni na kile kikubwa ndani ya gunia. Nilimwona dirishani. Sikumtakia heri. Lakini moyo ulikataa kukaa, na baadaye nami nikafunga safari ya Kibwezi, nikiwaza kwamba akikwama kwenye pedali zile nitatokea mimi, nitainama, nitaiweka sauti sawa, na mwenye hoteli atajua kijana ana mtu nyuma yake.

Niliingia akiwa tayari jukwaani. Nilitafuta kidirisha cha taa, sikukiona. Juu ya kiti, ubavuni mwake, kilikuwa kile kidogo, mfuniko wake wa betri umefungwa kwa mpira wa ndani ya tairi. Aligeuza kinobu kimoja, mara moja, hakukigusa tena. Akapiga. Ulikuwa wimbo wa kwetu, ile namna ambayo gitaa moja huuliza na jingine hujibu, ila yeye aliuliza na kujibu mwenyewe. Mhudumu aliyekuwa akipita na sinia alisimama. Mwenye hoteli hakungoja amalize, alimwambia aje Jumatatu.

Nilimkuta nje, nyuma ya jiko la hoteli, akinywa maji.

"Kikubwa kiko wapi?"

"Kwa mzee wa mbuzi."

"Umekiuza?"

"Tumebadilishana leo asubuhi, nilipopita dukani kwake. Aliniambia chake hakishiki stesheni hata moja. Nikamwambia changu pia hakishiki, lakini kina taa nyingi. Tukacheka, tukapeana."

"Ulimwambia ni cha nani?"

"Changu. Si ulisema niende nacho?"

Mtu mwenye hasira aliyeshindwa kwa maneno yake mwenyewe ni kitu kibaya. Nilimwita mwizi. Nilimwita mjinga aliyebadilisha ng'ombe kwa kifaranga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akarudi ndani kufunga nyaya zake. Nilikuwa na hasira kwa sababu hakuniuliza. Nilikuwa na hasira zaidi kwa sababu sauti ilikuwa nzuri, na sikio langu, nililolifundisha kwa fedha zangu, halijui kudanganya.

Miezi kadhaa baadaye nilipita kwenye duka la yule bwana. Kikubwa kilikuwa rafuni kati ya kandili na mafuta ya kupikia, hakina hata vumbi. Stima haikuwa imefika upande ule wa soko. "Karibu, Ulaya," akaniita kwa uchangamfu. "Kinangoja stima!" Ningeweza kukikomboa siku hiyo. Nilimsalimia, nikapita.

Katibu hajawahi kuniomba radhi, wala mimi sijamwomba. Mdogo wangu alijenga nyumba ya mawe kwa gitaa lile. Kile kidogo nimekwisha kukitengeneza mara nne, soketi, waya, kinobu, na kila mara nikikifungua hasira hurudi yote, kama niko tena nyuma ya lile jiko na kitambaa cha mate mkononi. Nakitengeneza vizuri hata hivyo, kwa sababu kazi yangu haijui kununa. Yeye hukileta mwenyewe karakanani Nairobi. Meza yangu ni pana, na mara nyingi huwa tupu. Hakiweki juu yake. Husimama mlangoni amekishika mkononi, hata kama nina mteja, na hungoja mpaka nijifute mikono nikipokee.