Nyayo za Wasichana Kisimani

Mwaka wa 1938, nikiwa msichana wa miaka kumi na mmoja, ukame ulimaliza ngamia wetu wote na baba akawafuata. Mama alinileta Wajir kwa miguu, kwa kaka yake. Abti, yaani mjomba wangu huyo, alikuwa akifagia ofisi ya serikali. Kabla ya hapo kazi yake ilikuwa kufuata nyayo: ngamia wa mtu akipotea, yeye ndiye aliyeitwa. Shule sikusoma. Nasema mapema, mtu asije akanitafutia cheti.

Kazi yangu ilikuwa maji. Kisimani palikuwa na msichana mkubwa ambaye ukoo wao ndio uliokichimba kile kisima. Siku ya kwanza alinitazama miguu yenye vumbi.

"Ngamia wenu wako wapi?"

Nikainamia chombo changu.

"Walikufa walipoiona sura yako!"

Wenzake wakacheka. Akapiga teke chombo changu, maji yakaenda. Ikawa hivyo karibu mwaka mzima.

Kisha ikahamia familia moja ya watu wa kusema Kiborana, maskini kuliko sisi. Binti yao alikuwa mdogo kwangu kidogo. Yule mkubwa akaniacha mimi, akamshika yeye. Nitasema kweli: wiki ile nililala vizuri.

Lakini nilipopita kwao nilisikia mama yake akimchapa. "Nusu tena! Maji ni ya kuchezea?" Mtoto hajitetei. Kila siku nusu, kila siku fimbo. Nilitaka watu wazima wajue, ila nikisema kwa mdomo ningejulikana, na mateke yangerudi kwangu. Nikaona heri karatasi iseme.

Abti aliniletea karatasi zilizoharibika ofisini, upande mmoja mweupe. Nikazishona kwa uzi zikawa daftari. Nilikuwa na mkaa na kipande cha penseli. Kwanza nilimchora yule mkubwa amefungua mdomo. Abti akaligeuza daftari huku na huku.

"Huyu mbuzi anaumwa na jino?"

Mama naye akadakia, "Acha kuchora viumbe! Mwalimu wa Kurani akiona, utalia."

Basi nikaacha nyuso. Nikachora duara la kisima na wasichana kama vijiti, yule mkubwa mrefu kama mlingoti wa bendera. Mama akasifu: zizi zuri la mbuzi. Nikachora maji tu, doa moja jeusi la mkaa lililojaza ukurasa. Hilo nililipenda, hata leo naliona. Lakini doa halimtaji mtu.

Siku moja nilichelewa kuondoka kisimani, nikatazama chini. Mchanga ulikuwa umeandika kila kitu. Mguu wa kushoto wa yule mkubwa ulipinda kwa ndani. Yule mdogo alipungukiwa kidole kimoja. Sisi watu wa ngamia humjua mtu kwa unyayo kabla hajageuza uso. Nikazichora nyayo zote vile zilivyolala, siku tatu mfululizo, ukurasa mmoja. Hata nyayo zetu tuliosimama pembeni nikazichora, kwa sababu nafasi ilibaki.

Abti hakucheka mara hii. Alilaza daftari chini, akachuchumaa, akalizunguka kama anatafuta ngamia.

"Mdogo ameinama. Huyu wa mguu wa kushoto kaja kwa nyuma, polepole, hana haraka. Hapa katoa teke. Mdogo kaanguka, goti na kiganja. Na si mara moja. Kuna unyayo juu ya unyayo."

"Ndiyo, abti."

Kidole chake kikaenda pembeni mwa ukurasa. "Na huyu? Visigino vimezama. Anayetaka kusaidia hukanyaga kwa vidole. Huyu kajiegemeza nyuma, anatazama. Wallahi, huyu anacheka."

"Niliogopa, abti."

"Mwenye hofu hasimami hivi."

Hilo ndilo lililokuwa kosa langu. Nilidhani mtu aliyefuata nyayo maisha yake yote angesoma zile nilizotaka mimi tu.

"Funga daftari lako, twende."

Nilidhani tunakwenda kwa wenye kisima. Tukaenda kwa yule mdogo. Abti akamsalimu mama yake nje ya kibanda, akasema, "Huyu ana neno," kisha akanisogeza mbele. Ikabidi niseme kwa mdomo, yote, na kucheka kwangu ndani yake. Mama yule aliitazama fimbo iliyoegemea mlangoni kama hajui ni ya nani. Binti akanikazia macho.

"Na wewe ulicheka."

"Nilicheka."

Baadaye abti alikwenda kwa wenye kisima. Waliyosema sikuambiwa, ila tangu kesho yake shangazi mmoja wa ukoo ule alikaa kisimani saa zetu. Mateke yakaisha. Matusi nilipewa mimi, mwaka mwingine mzima, nikayabeba. Yule binti alirudi nyumbani na chombo kimejaa. Rafiki yangu hakuwa, na sikumdai.

Leo niko Garissa. Nina nyumba ya mawe, vyumba vitano. Vyerehani vitatu. Ngamia kumi na wanane, wako malishoni na mwanangu. Shamba la ndizi kando ya Tana. Bomba la maji nje ya ua, ambapo wasichana wa mtaa hujaza mitungi, na kiti cha kamba ninachokalia mpaka wa mwisho ajaze.