Mjukuu wa Mtoro

Harufu ya mbata, nazi zinazokaushwa juu ya moto, hunirudisha kijijini kwetu Baleni kila ninapokutana nayo, hata nikiwa sokoni Dar es Salaam nimesimama kando ya magunia ya watu. Ni harufu nzito ya mafuta na moshi, inayong'ang'ania nguo. Babu yangu Mbaruku alinukia hivyo maisha yake yote. Alishinda akifua nazi, kifuo kimesimama mbele yake kama mkuki, na hata jua liwe kali vipi, hakuvua shati. Sisi wajukuu tulidhani ndivyo wazee walivyo.

Ilikuwa miaka ile ya foleni za sukari, nami nikiwa darasa la tano. Kijiji kizima kilijua kwamba Babu alichukuliwa na Waingereza kwenda kupigana Bama, kwenye vita vya Hitla. Kilijua pia kwamba wenzake walirudi na medali, yeye akarudi mikono mitupu na mdomo umefungwa. Pale alipopaacha wazi watu wakapajaza wenyewe: alitoroka. Nami nikawa mjukuu wa mtoro. Kisimani, kwenye mchezo wa rede, popote nilipomshinda mtu kwa jambo lolote, neno hilo lilitoka. Nililijibu kwa ngumi, na nawaambieni, nilikuwa na ngumi nzuri.

Siku moja nikamkabili mwenyewe.

"Babu, ulitoroka vitani?"

Akachukua nazi nyingine. "Nani kakutuma?"

"Sikutumwa. Nauliza mimi."

"Basi kaulize kwingine," akasema, wala hakukasirika.

Nikalichukua neno lile kama ruhusa. Nikamwuliza Bibi, akaniambia nikakune nazi. Nikamwuliza mwalimu wa chuo cha Kurani, akaniuliza kama nimeshahifadhi sura aliyonipa. Likizo ilipofika nikapelekwa Jibondo kwa shangazi yangu, binti wa Babu, aliyeolewa huko. Tulivuka kwa mashua iliyopeleka maji ya kunywa, maana kisiwa kile ni kikavu. Nikakaa katikati ya mapipa, gauni limelowa, nikisikia maji ya ndani yakijibizana na ya nje.

Shangazi alinituma nimpelekee chakula jirani yake, Mzee Faki, fundi wa kukalafati, kuziba nyufa za vyombo vya baharini. Nilimkuta kwenye kivuli cha mashua iliyopandishwa pwani, anashindilia pamba yenye mafuta katikati ya mbao.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

"Mjukuu wa Mbaruku wa Baleni."

Nyundo ikasimama. Mzee akainuka, magoti yakimlia, akanitandikia mkeka wake mwenyewe, naye akakaa mchangani. Sikuwahi kuona mtu mzima akimfanyia mtoto vile. Nikaona nafasi ndiyo hii.

"Babu yangu alitoroka?"

"Atoroke!" Akatema mate pembeni. "Tulikuwa pamoja Bama, yeye koplo, mimi askari tu. Nikaiba kopo la maziwa. Mwenzetu alikuwa mgonjwa, hali kitu. Wakanikamata. Ofisa akampa babu yako kiboko anichape mbele ya kikosi. Akakiweka chini, hapo hapo kwenye viatu vya Mzungu. Akasema, 'Simpigi.'"

"Kwa hiyo hukupigwa?"

"Nilipigwa! Tulipigwa mgongoni wote wawili, na yeye zaidi. Lakini si kwa mkono wa mtu wa kwetu." Akaokota nyundo yake. "Ofisa akamwambia aombe radhi yaishe, cheo chake kibaki. Akakataa. Wakamfunga, akavunja mawe mpaka vita vikaisha. Wakamrudisha hana cheo, hana medali."

Hapo ndipo nilipolielewa lile shati.

Shule ilipofunguliwa tukawa na sherehe ya kuwakumbuka mashujaa. Mgeni kutoka wilayani akasema wajukuu wa waliopigana wasimame wapigiwe makofi. Nikasimama. Mwalimu mkuu, mtu wa bara aliyekwisha kusikia habari za kijiji, akanionyesha kwa mkono niketi.

"Mwanahawa, kaa chini. Wanaitwa wenye medali."

"Babu yangu alikwenda, mwalimu."

"Nimesema kaa."

Sikukaa. Nikalieleza kopo la maziwa, na kiboko kilichowekwa chini, na mawe. Hakuna aliyepiga makofi. Mgeni alikunjua karatasi yake akaikunja tena. Baadaye nikachapwa mikononi, kisha nikaambiwa nikamwombe mgeni radhi kwa kuvuruga sherehe. Nikasema siombi. Nikachapwa tena.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Babu aliniita.

"Walikwambia uombe radhi?"

"Waliniambia."

"Ukaomba?"

"Sikuomba."

Akaitazama mikono yangu iliyovimba, akaigeuza huku na huku. Kisha akacheka, kicheko cha kifuani ambacho hata Bibi alitoka jikoni kuja kukishuhudia.

"Faki huyo," akasema, "mdomo wake hautapona." Akarudi kwenye nazi zake. Hakulizungumza jambo lile tena mpaka alipofariki.

Nilipokuwa mtu mzima nilikwenda mjini kulitafuta jina lake kwenye majalada ya zamani ya jeshi. Halikuwepo. Kijana wa ofisini akaniambia kwa upole kwamba wazee wengi hutunga hadithi za vita. Nikamjibu kuwa wangu hakutunga hata moja, na kama jina halimo, basi walioandika ndio wenye upungufu. Nikatoka nimeinua kichwa.

Utotoni niliamini kwamba alinyamaza kwa uchungu, na kwamba mimi ndiye niliyemtetea. Nimechelewa kuelewa. Kila aliyemwuliza Babu alimwuliza kwa huruma, akisubiri akiri kwamba alikosea huko vitani, yaishe. Walikuwa tayari kumsamehe. Naye hakuwa na kosa. Miaka yote ile, akiitwa mtoro na watu aliowauzia nazi, Babu alikuwa bado anakataa kuomba radhi.