Mayai ya Kukarabatia Choo

Walimwita Bwana Keki. Mchana alikuwa karani wa masjala, anatunza majalada ya ofisi. Jioni anaoka keki za kuuza. Miaka nenda miaka rudi alilala usingizi wa pono: kodi si inakatwa kwenye mshahara? Yamekwisha. Mpaka shemeji yake, kaka wa mkewe, mhasibu, alipomtoa tongotongo.

"Mshahara umekatwa, sawa. Na keki nani kazikata?"

"Wateja, shemeji. Kwa kisu."

"Cheka tu. Mshahara na keki vinaingia fomu moja, na mwisho ni Ijumaa. Ukiwa na risiti za unga na mayai, utatozwa kwenye faida tu. Ukiwa huna, mauzo yote yatahesabiwa faida, na hiyo oveni utaiuza."

Oveni! Bora wangemwambia auze sikio.

Risiti alikuwa nazo, maana karani hatupi karatasi, ila si nyumbani. Mkewe haoni karatasi akaacha kuitandika kwenye sufuria ya keki. Kwa hiyo alizificha pale karatasi isipopotea kamwe: masjala, ndani ya jalada la Ukarabati wa Choo, lililolala miaka sita bila mtu kulijulia hali.

Alhamisi akanyoosha mkono rafuni. Pengo.

"Mkuu kaliita asubuhi," mwenzake akamwambia. "Choo kimeziba."

Hajameza mate, simu ikalia. "Karani, njoo."

Mkuu, mama wa miwani puani, alikuwa na kalamu nyekundu mkononi. "Trei arobaini za mayai. Siagi. Vanila. Hiki choo tunakijenga au tunakioka?"

Karani akaeleza yote, tangu shemeji hadi sufuria. Mkuu alikaza uso, ingawa shavu moja lilikuwa linamtoroka.

"Naomba nizichukue tu, mama."

"Hee! Karatasi ikishaingia jaladani haitoki bila maandishi ya mkuu. Si wewe unayetusumbua na sheria hiyo kila siku?"

Basi akaandika juu ya kila risiti, zote themanini na tatu: *Si ya choo. Si ya ofisi. Ni ya karani mwenyewe.* Saini. Mhuri, paa! Kila paa ilimpiga karani moyoni. Nani atapokea risiti zilizochafuliwa hivyo?

Ijumaa afisa wa kodi alizipekua moja moja, kisha akavua miwani afute machozi ya kicheko.

"Kaka, wenye kazi mbili huwa nawauliza: nitajuaje hukumnunulia mwajiri wako? Wewe umekuja na mwajiri aliyekwisha kukana mara themanini na tatu!"

Akazikubali zote. Oveni ikabaki.

Wiki iliyofuata choo kilizibuliwa, na mkuu akaagiza keki, akailipia. Bwana Keki akamkatia risiti. Nakala akaanza kuitia jaladani kwa mazoea, mkono ukagutuka, akaitumbukiza mfukoni.