Mkebe wa Taa Zilizorudishwa

"Mjomba, unajuaje kwamba kosa ni la mikono?"

Yutong aliuliza hivyo akiwa na miaka kumi na mmoja, Jumapili mchana, mezani kwa bibi yake, samaki wa mvuke akiwa bado hajaguswa. Mjomba wake, Zhuo Weimin, alikuwa ameshajaza wali mdomoni, akautafuna muda mrefu kuliko wali wowote unavyostahili kutafunwa. Jibu halikuja siku hiyo.

Weimin alikuwa na kaunta ghorofa ya tatu, soko la elektroniki la Huaqiangbei, mjini Shenzhen, China. Upana wa kaunta ni wa mlango uliolazwa. Aliuza taa za LED, zile ndogo kama punje za mahindi zenye miguu miwili ya waya, pamoja na seti za kuunda mchemraba wa taa: nane kwenda mbele, nane kando, nane juu. Zidisha mwenyewe, utapata mia tano na kumi na mbili. Zote zinafuata programu unayoiandika kwenye kompyuta. Ukitaka mvua inyeshe ndani ya mchemraba, inanyesha. Ukitaka nyoka apande, anapanda. Kila aliyeuliza kama kazi ni ngumu alijibiwa, "Hata mama yangu anaweza." Mama yake hakuwahi kuulizwa. Na Weimin mwenyewe hakuwahi kuunda hata mmoja. Siku hizi anapenda sana kulisimulia jambo hilo, kwa sababu, anavyosema, akiliacha, wenzake watalisimulia vibaya zaidi.

Mteja akirudisha taa isiyowaka, mara nyingi pamoja na pakiti yake nzima, desturi ya ghorofa ile ni kubadilisha kwanza, maneno baadaye. Weimin alibadilisha bila ubishi. Lakini kabla ya kuiweka kando aliinyanyua ile taa, akaikazia jicho kama daktari, akatamka neno moja: "Mikono." Yaani umeiunguza wewe, kwa chuma chako cha kulehemu. Kisha akaidondosha, na pakiti yake, kwenye mkebe wa keki za mwezi, zile za sikukuu ya vuli, uliokuwa chini ya kaunta. Kwa miaka mitatu mkebe ule ulijaa hadi kifuniko kikakataa kufunga.

Wiki ile kabla ya samaki wa Jumapili, alikuja mwalimu mmoja anaitwa Pang, amebeba mchemraba uliolehemiwa na wanafunzi wake kwa ajili ya maonyesho ya shule. Taa kumi na moja hazikuwaka, karibu zote upande mmoja.

"Mikono," Weimin alisema. "Nani alilehemu upande huu?"

"Nitauliza," alijibu Mwalimu Pang.

Akauliza. Alikuwa Yutong. Weimin hakujua hata kwamba mpwa wake yumo kwenye kikundi kile. Alijua pale mezani, dada yake Weihong alipoweka vijiti vyake vya kulia chini.

"Ijumaa mwalimu anachagua wa kuuonyesha mchemraba kwenye maonyesho," Weihong alisema. "Mwanangu anaambiwa atashika bango, kwa sababu fundi mkubwa wa Huaqiangbei amesema mikono yake mibovu. Mjibu mtoto."

Mtu mwenye akili angesema samahani na kumgusa samaki. Weimin alimeza wali, akatangaza kwamba ataunda mchemraba mzima kwa taa zile zile zilizorudishwa, wote waone kwamba taa ni nzima.

Jumatatu alianza, pale pale kaunta, mbele ya ghorofa nzima. Alichukua ubao wenye matundu sitini na nne, akapachika taa moja kila tundu, akaikunja miguu ikagusana, akalehemu. Hiyo ilikuwa ngazi moja. Zilitakiwa nane.

Bi Qiu, jirani yake anayeuza waya, aliegemea kaunta akitafuna mbegu za alizeti.

"Bosi Zhuo, karatasi ya maelekezo ya seti zako si inasema pima kila taa kabla hujailehemu?"

"Inasema."

"Si wewe ndiye unayeitoa kopi?"

"Kupima ni kwa wenye wasiwasi, Bi Qiu."

Bi Qiu alitema ganda. "Haya. Na zikiwaka zote, si ina maana mpwa wako kweli ana mikono mibovu?"

Weimin alisimamisha chuma hewani. Kwa kweli hilo hakuwa amelifikiria. Alikuwa ameapa kushinda shindano ambalo mshindwa ni mtoto wa dada yake. Lakini ngazi ya pili ilikuwa inapendeza, mistari imenyooka, lehemu inang'aa, na mikono yake, anavyokiri mwenyewe, ilitaka kusifiwa. Akaendelea.

Alhamisi saa tisa alasiri alisimamisha ngazi ya nane juu ya ya saba, akaunganisha bodi ya kuziendesha taa, akaweka programu ya moyo unaopiga. Watu wakajaa. Hata muuza feni wa kona ya mbali aliacha feni zake. Weimin aliwasha.

Moyo ulitokea kama mkate ulioumwa na watu watatu wasioelewana. Zaidi ya taa mia hazikuwaka.

Halafu Bi Qiu, bila kunyanyua macho kwenye mbegu zake:

"Mikono."

Ghorofa nzima ilicheka, na muuza feni alilazimika kukaa chini.

Weimin alikuwa na njia ya kutokea. Angesema ndiyo, mikono yangu imezeeka, wakacheka, wakarudi kazini, na taa zake zikabaki na jina zuri. Akainama kurudisha zilizobaki mkebeni. Hapo ndipo alipoona miguu.

Taa iliyolehemiwa hukatwa miguu, au hubaki na chembe ya lehemu. Nyingi za mle mkebeni zilikuwa na miguu mirefu, iliyonyooka, inayong'aa kama ilivyotoka kiwandani. Hazikuwahi kukutana na chuma cha moto cha mtu yeyote. Wateja walizipima kama karatasi ya maelekezo inavyotaka, wakakuta mbovu zimechanganyika na nzima, wakarudisha pakiti nzima. Naye aliziangalia kwa jicho la daktari miaka mitatu, bila kuziona miguu.

Akatoa betri ya saa, ile bapa kama sarafu, akaibana kati ya miguu ya taa moja moja. Katika kumi, tatu hazikuwaka.

"Zilikuwa mbovu kabla hazijafika kwangu," alimwambia Bi Qiu.

"Kwako zilikaa miaka mingapi?"

Weimin akachukua taa ya kumi na moja, akaibana.

Ijumaa asubuhi aliingia darasani kwa Mwalimu Pang na mchemraba wake ndani ya boksi la mikate ya mvuke, ili watu wa njiani wasiulize. Kikundi chote kilikuwepo, Yutong ameshashika bango.

"Mwalimu, niliyosema juzi yalikuwa ya uongo," Weimin alisema. "Ni taa. Mtoto amelehemu vizuri."

"Umejuaje?"

Akauwasha mchemraba wake mbele yao, akawaonyesha na taa za mkebeni zisizowaka, miguu yake mirefu haijaguswa na moto. Watoto walicheka kwa adabu kwanza, baadaye bila adabu. Akatoa taa mia mpya na betri ya saa, akamkabidhi Yutong.

"Pima zote. Hata nikikuambia nimeshapima."

Yutong alipima, akang'oa zile kumi na moja kwa kibano, akalehemu nyingine. Moja ya katikati ilimchukua nusu saa, kwani kuifikia ni kama kung'oa jino la mwisho kwa kupitia puani. Mchana, mvua ilinyesha ndani ya mchemraba bila kuruka tone. Bango alipewa mtu mwingine.

Moyo ulioumwa upo kaunta mpaka leo, unapiga. Mteja akirudisha taa, Weimin huipima kwa betri mbele yake, na mteja akiwa na haraka hulazimishwa kusikia kisa chote. Mkebe sasa una keki.

Mwaka huu Yutong amefika kumi na saba. Juzi alikuwa kaunta akichagua taa za kazi ya shule, anazibana kwenye betri moja baada ya moja, mjomba wake akimtazama.

"Lile swali lako la siku ya samaki," Weimin alisema.

"Miaka sita, Mjomba. Nilidhani bado unatafuna."

"Sikuwa najua kitu. Ila kosa likiwa la taa, linabaki na mimi hapa kaunta. Likiwa la mikono, mteja anaondoka nalo."