Hema Jeupe la Busanza

Kaka yangu aliukata ule ukingo wa zamani kabla hatujakubaliana mpya tutauchomelea kwa waya gani. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, na kusema kweli haijaisha mpaka leo.

Ulikuwa ukingo wa ngazi za nje nyumbani kwa mama, Busanza, hapa Kigali. Mama anaishi ghorofani, nyonga yake mbovu, na bila kitu cha kushika hashuki. Ukingo ulikuwa umeliwa na kutu, sawa, ulistahili kukatwa. Lakini mtu mwenye akili zake hukata asubuhi akaweka mpya jioni. Kaka alikata, akapakia vyuma chakavu kwenye gari, akarudi karakana kwetu Kabuga kufikiri. Mama akabaki juu kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Mimi na kaka tunachomelea pamoja tangu turudi kutoka Tanzania, tulikokulia. Mashine yetu inatumia waya wa aina mbili. Kuna waya mtupu, chuma nje mpaka ndani, ambao lazima uusindikize na gesi ya mtungi ili hewa isiharibu mshono ukiwa bado wa moto. Na kuna waya wenye unga ndani. Unga ule ukiungua hutoa moshi wake wa kukinga, mtungi hauhitajiki. Wa kwanza huacha mshono safi. Wa pili huacha ganda la kugongwa kwa nyundo, cheche zilizoganda kila mahali, na moshi wa kukukohoza mpaka kesho. Ndani ya karakana sibishani, waya mtupu ndio wenyewe. Vipande vya ukingo mpya tulivitengenezea huko, vikatoka vizuri, kaka akawa anavipapasa kama ndama wake.

Ila kuvifunga kwenye ngazi ni kazi ya nje, na nyumba ya mama iko mgongoni mwa kilima, upepo haupumziki. Upepo ukipeperusha gesi, mshono unajaa vitundu, na mama yangu ndiye atakayeegemea hivyo vitundu. Nilimwambia kaka tutumie waya wa unga, ambao upepo hauuwezi. Akasema hawezi kumwekea mama kazi chafu. Nikamwambia mama hatailamba. Akanuna. Akanuna asubuhi, akanuna wakati wa chakula, na jioni mama akipiga simu kuuliza tumefikia wapi, kaka ananipa simu nijibu mimi. Jumapili ikapita mama hajaenda kanisani. Ikapita nyingine.

Mwishowe kaka akaja na ufumbuzi wake: hema. Alimwendea jirani wa karakana anayekodisha mahema, akaazima jeupe, kubwa, lenye pande zote, azungushie sehemu ya chini ya ngazi apate kutumia gesi yake. Nilimuuliza kama amefikiri vizuri. Akasema upepo ni upepo na turubai ni turubai. Sasa, mtu yeyote wa Kigali akiona hema jeupe mbele ya nyumba ya mama mzee, siku ya kazi, bila muziki, anajua hiyo si harusi. Hata mimi jambo hilo halikunijia kichwani, nilikuwa nimeshachoka kubishana.

Hatujafunga hata kamba ya mwisho, mwanamke mmoja wa jirani akaingia ndani ya hema, kitenge mabegani, akanishika mikono yote miwili.

"Mwihangane," akaniambia, ile pole ya msiba. "Mama yenu, mukecuru wetu, alituacha lini? Sisi hatukusikia kitu."

"Mama yuko juu," nikasema.

"Ndiyo, dada. Iko juu kwa Mungu."

Kabla sijamjibu wakaingia wengine na chupa za chai, na wanaume wamebeba viti vya plastiki. Mzee mmoja akavua kofia, akaanzisha sala. Kaka, yeye mwenye maneno mengi kuliko redio, akajificha nyuma ya mtungi wake wa gesi. Nilijaribu kueleza habari za upepo na waya. Yule mwanamke akanipigapiga begani.

"Lia tu, dada."

Sauti ya mama ikatokea juu ya turubai.

"Nani amekufa?"

Sala ikakatika. Tukatoka wote nje ya hema, tukainua macho. Mama alikuwa amesimama mlangoni kwake, akitutazama mmoja mmoja.

"Kumbe kwangu mnakujua," akawaambia. "Muda wote huu nawasikia hapo chini mkipita, mkisalimiana. Haya, hiyo chai ileteni huku juu."

Wakapanda wakijibanza ukutani, mmoja nyuma ya mwenzake. Kaka naye akataka kupanda. Nikamshika shati, nikamwambia akunje hema lake. Akalikunja. Nikabadilisha waya, nikageuza nyaya za umeme kwenye mashine kama waya wa unga unavyotaka, nikachomelea kwenye upepo ule ule. Kaka akawa anafuata nyuma na nyundo, anagonga maganda, kila ganda na mguno wake. Huko juu wanacheka, wanakunywa chai ya msiba. Nilikasirika na wao pia. Nilikasirika hata na viti.

Chuma kilipopoa, wageni wakaaga, na mama akasema atawasindikiza. Alishuka polepole, mkono kwenye ukingo. Katikati akasimama, akapapasa mahali palipoganda cheche.

"Ni mbaya," akasema.

Kaka alikuwa akiingoja nafasi hiyo. "Ningepewa muda, mama, ningeuchomelea kwa gesi. Ungekuwa laini kabisa."

"Ungepewa muda," mama akasema, "ningeshuka nimebebwa."

Akaushika tena, akaendelea kushuka.