Beseni Tupu ya Makomeno

Ninyi bajukulu ambao mutasoma hii karatasi, kama munatafuta dawa, muifunge. Hapa hakuna dawa. Mimi nilisoma miaka tatu tu ku masista, na ile miaka haikunifundisha sababu gani muntu anaweza kuumwa mwili muzima na munganga hapati kitu. Nitabaandikia namna ilikuwa. Mukielewa kunipita, mutakuja kunieleza.

Maumivu yangu haina adabu. Leo iko ku mabega, kesho imeshuka ku mapaja, kesho kutwa imerudi ku mukono wa kuume sawa mugeni aliyesahau kofia. Si mifupa, ni nyama yenyewe. Nikikaa, inauma. Nikifanya kazi, inauma. Nikilala, naamuka nimechoka sawa muntu aliyetwanga sombe, majani ya muhogo, siku nzima. Nilifikiri ni malaria. Kisha nikafikiri ni uzee, lakini jirani yangu, mukubwa kwangu, anabeba gunia ya makala ya kupikia na anaimba.

Munganga wa kwanza alinitoa damu, akapiga foto ya mifupa, akaiangalia ku dirisha.

"Mama, kila kitu iko bien."

"Bien ya nani?" nikamuuliza. "Yangu, ao ya foto?"

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilirudia ku nyumba na karatasi inayosema niko muzima, na sikuweza kuinua mukono nifungue mulango.

Hapo njo nilianza kuogopa. Si kufa. Niliogopa juu ya mwiko wa kugeuza bukari, ule ugali wetu. Mu lupango yetu, kiwanja na nyumba yake, tunakula tukiwa bantu tisa, na bukari ya bantu tisa si muchezo. Mama-mukwe wangu aliigeuza mpaka siku alinipa mwiko mu mukono mbele ya bote, na tangu ile siku ni mimi. Muke wa mutoto wangu wa kwanza anaishi na sisi, na sombe yake inapita yangu, haya, nimesema. Lakini aliponiona nasimama katikati ya kugeuza kusudi nipumue, alinyoosha mukono.

"Mama, leta nikusaidie."

"Utageuza siku nitakufa."

"Basi mama, leo tutakula saa ngapi?"

Nikageuza mwenyewe. Mukono ukakataa. Bukari ikatoka na mabonge, na mujukulu wangu, ule musichana mwenye kinywa anayeniita kambo, akashika bonge moja na bidole.

"Kambo, leo umetia mayai ndani?"

Meza nzima ikacheka, hata muzee wangu, baba ya batoto. Nikasema ule atakayecheka tena hatakula. Lakini nilijua mwiko unatoka mu mikono yangu. Ule jirani wa makala akaniambia nimerogwa, nifungue macho, nione ni nani anakula na mimi na anataka fasi yangu. Nitasema kweli: juma mbili nzima nilimuangalia muke wa mutoto wangu na jicho mbaya. Sikujua tena ni nini niamini, karatasi, jirani, ao mukono.

Nikaenda kwa munganga mwengine, mwanamuke kijana. Alifinya mabega, mapaja, shingo, akaniuliza kama nalala muzuri. Hakuna muntu alishaniuliza ile.

"Mama, hausemi uongo. Nyama yako inauma kweli, hata foto haioni. Haitakuua, lakini haitatoka kesho. Utembee kila asubui, kidogo, hata siku inauma. Siku iko muzuri, usikimbilie kazi yote. Na kazi nzito, mugawane ku nyumba."

"Natembea naenda wapi?"

"Popote. Unatembea tu."

Sikuelewa. Kwetu mwanamuke anatembea juu ya kwenda fasi: ku soko, ku misa, ku kilio. Mwanamuke wa umri wangu azunguke mutaa wetu wa Makomeno asubui na mikono mitupu? Bantu batasema akili imetoka. Basi nikakamata beseni, nikaifunika na kitambaa, nikaiweka ku kichwa. Ndani hamukuwa kitu.

Siku ya kwanza, mama anayeuzisha mikate ku kona akaniita.

"Mama, unauzisha nini?"

"Samaki ya ziwa, ya Kilwa. Imekwisha."

"Sasa hivi, asubui?"

"Imekwisha."

Kesho yake, vile vile. Siku ya ine akakasirika: "Unauzishia ba nani, wewe? Sisi hatuna midomo?" Juma ilipoisha, banamuke batatu baliingia mu lupango na sahani, bakamuuliza muke wa mutoto wangu samaki ambayo kila siku imekwisha iko wapi. Yeye hakujua kitu. Aliniangalia mimi, akaangalia beseni, akabageukia.

"Mama alisema imekwisha. Basi, imekwisha."

Balipotoka, alikaa chini akacheka mpaka machozi.

"Mama, na shingo? Haikuumi?"

Iliniuma kupita zamani, na mimi nilikuwa nasema ni ile kutembea. Ku munganga nilipoeleza, alishika kichwa: "Mama, nilisema utembee. Sikusema ubebe."

Mapaja ilianza kulegea kidogo, siwezi kukataa. Lakini asubui moja niliamuka bila maumivu fasi yoyote, nikafua mablanketi yote ya nyumba, na nikalala siku tatu. Ile hesabu sijaielewa mpaka leo. Zile siku tatu, muke wa mutoto wangu aligeuza bukari. Haikukuwa na bonge hata moja. Niliila nikingoja nisikie wivu. Nilisikia njaa tu.

Siku ya yenga, kisha misa, niliita bote mu lupango. Jirani alikuwa ku lukuta, anasikia, na nilitaka asikie.

"Kesho natembea na mikono mitupu. Muntu akibauliza kambo anaenda wapi, mumujibu: anatembea. Beseni irudie ku kazi ya kufua nguo. Kila asubui, mukiona mwiko juu ya mbabula, jiko yetu ya makala, nageuza mimi. Mukiona uko ku kiti ya mama yenu, anageuza yeye. Muntu asiniulize leo inauma wapi. Na bukari ikiwa na mabonge, yangu ao yake, munakula, munanyamaza."