Mdomo Uliofunga na Sinia la Sita

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika. Nalisema hili mapema ili ninyi mnaoingia sasa kwenye ukaguzi wa samaki msidhani sisi tulizaliwa na pua za chuma. Nilikuwa binti wa Ujiji mwenye gauni jipya na cheti kilichokunjwa mara nne ndani ya mkoba. Nikashuka mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi inapoteremsha dagaa. Mkuu wa Kituo, mzee mfupi Muha wa kutoka Kasulu, hakukiangalia cheti. Alichota dagaa mmoja mkavu kwenye gunia lililokataliwa, akanipa.

"Tafuna."

"Shikamoo, Mzee. Lakini huyu ameharibika."

"Marahaba. Najua ameharibika. Wewe ndiye hujui. Tafuna, umeze."

Nikameza. Nilipomaliza kutapika nyuma ya mtumbwi alinipa maji, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Sasa hutamsahau maisha yako yote. Uchungu wa dagaa aliyelala kabla ya kuanikwa haukai ulimini, binti yangu. Unakaa kooni. Asiyemeza hajui kitu."

Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yetu. Kwanza jicho: dagaa mwema anang'aa kama sindano na tumbo lake halijapasuka. Kisha mkono, unaoingia mpaka kwapani ndani ya gunia kutafuta unyevu, kwa maana mjanja huwaweka wakavu juu na kuwaficha wabichi chini. Kisha sikio: unamvunja karibu na sikio, na aliyekauka vizuri hulia kama kijiti. Pua. Na mwisho kabisa kinywa, kwa ajili ya uchungu na kwa ajili ya mchanga, kwa sababu siku zile wengi walianika juu ya mchanga wa ufukweni, na mchanga uliosaga meno ya mlaji wa Dodoma au Mwanza ulirudi kwetu kama matusi.

Ramadhani ya kwanza ilipofika nilikwenda kwa Mkuu wa Kituo nikiwa nimejiandaa kugombana. Nikamwambia sitatafuna mchana.

Akanitazama. Yeye alikuwa Mkristo wa kanisani kila Jumapili. "Mchanga utaupimaje?"

"Kwa bilauri ya maji. Dagaa nawasukasuka humo, nawatoa. Mchanga utazama. Nitauona kwa macho."

"Na uchungu?"

"Sampuli naondoka nayo. Nitameza baada ya adhana, alfajiri utapata majibu."

"Haya, andika," akasema, akaendelea na kazi zake.

Basi mwaka hadi mwaka nilifuturu kwa tende, na baada ya tende, dagaa wabovu wa serikali. Mama yangu alikuwa akinicheka: "Wenzako wanafuturu uji, wewe unafuturu kazi." Lakini nilijifunza jambo ambalo kitabu hakikunifundisha. Bilauri ilikuwa na macho makali kuliko meno yangu.

Kutoka Kibirizi nilihamishiwa Katonga, na kutoka Katonga nikarudishwa nyumbani, mwalo wa Ujiji, kuwafundisha kina mama kuanika kwenye chanja. Chanja ni kitanda cha miti kilichotandikwa wavu, juu ya ardhi, upepo upite chini na juu. Ni jambo dogo kulisema. Kulitenda kulinichukua miaka. Kiongozi wa waanikaji alikuwa Bi Mgeni, mjane mwenye sauti ya kufukuza kunguru.

"Nimeanika dagaa kabla hujaota meno," alinijibu mbele ya watu. "Leo uje na vitanda! Dagaa wanaumwa?"

Nilikwenda na kurudi. Nilichimbia nguzo kwa mikono yangu. Msimu mmoja mvua iliwakuta dagaa wote chini, wakaoza, isipokuwa wa kwenye chanja yangu moja ya mfano, niliyoifunika turubai. Wiki iliyofuata nikamkuta Bi Mgeni anakata miti. Baada ya hapo alikuwa mkali kuliko mimi: mwanamke aliyeanika chini alisikia jina la ukoo wake likitajwa ufuko mzima. Ila sifa mbaya haifi pamoja na kosa. Huko masokoni watu waliendelea kusema, "Wa Ujiji? Hao wana mchanga."

Sasa nawafikisha kwenye semina.

Ilikuwa Bujumbura, nami nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu. Wakaguzi wa pande zote za ziwa waliitwa kukubaliana daraja moja la ubora. Mialo itakayofaulu ingeandikwa kwenye orodha, na magunia yake yangevuka mpaka bila kufunguliwa tena. Itakayoanguka, kila gunia lingemwagwa pale mpakani Manyovu na kupekuliwa kwenye vumbi. Bi Mgeni alinikabidhi sampuli ya Ujiji imeshonwa kwenye kitambaa cheupe kama sanda ya mtoto. "Ukirudi na aibu," akasema, "usipite njia hii. Zunguka Buzebazeba."

Ilikuwa Ramadhani. Tuliondoka alfajiri kwa gari la ofisi, mimi, dereva na Mratibu wetu, kijana msomi aliyeletwa kutoka Dar es Salaam, Muislamu kama mimi. Tukavuka Manyovu, tukashuka tena kwenye ziwa upande wa Burundi, michikichi ikitukimbilia dirishani. Mratibu alikula mkate njiani. Ni haki yake. Msafiri ameruhusiwa kula na kuilipa siku hiyo baadaye. Mimi nilisali Adhuhuri na Alasiri kwa kupunguza, rakaa mbili mbili, maana ruhusa hiyo naipenda. Ya kula niliiacha. Sikumweleza mtu sababu, na wala hapakuwa na aliyeuliza.

Kesho yake asubuhi tuliingia ukumbini. Masinia manane ya dagaa yalipangwa kwenye meza ndefu, yana namba tu, bila majina ya mialo. Kila mkaguzi alipewa fomu na kuambiwa apite kuanzia la kwanza hadi la nane, atafune, ameze, aandike. Mwenyekiti alikuwa Mkaguzi Mkuu wa wenyeji wetu, mzee wa Rumonge mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Mwaramutse, mama," akaniamkia. "Karibu kwenye ndagala, dagaa wenu."

Niliomba bilauri nane za maji. Akaagiza ziletwe. Mratibu akanivuta pembeni.

"Bibi, unafanya nini?"

"Kazi."

"Fomu inataka ladha. Umeze."

"Nimefunga. Ladha nitaijaza jioni."

"Fomu zinakusanywa saa nane. Wewe ni msafiri, dini imekuruhusu. Mimi mwenyewe nimekula. Usitutie aibu mbele ya wageni kwa kujifanya mtakatifu."

"Wewe kula, mwanangu. Sijakuuliza."

"Basi nakuamuru kama mkuu wako wa safari. Kula."

Jamani, nimepokea amri nyingi katika maisha yangu. Nimehamishwa nikiwa na mimba ya miezi saba, nikaenda. Nimeambiwa nihesabu mitumbwi kwenye mvua, nikahesabu. Lakini pale moyo wangu ulisimama wima kama mwanamke aliyetukaniwa mama yake.

"Ruhusa ile nimepewa na Mwenyezi Mungu," nikamwambia, "na aliponipa hakupitishia ofisini kwako. Nikitaka nitaitumia, nisipotaka nitaiacha. Wewe huna mhuri wa kuigonga."

Aliitazama fomu yangu. "Fomu yako haitahesabiwa," akasema.

"Isihesabiwe."

Nikarudi mezani. Nilivunja dagaa karibu na sikio langu, nikanusa, nikapekua kwa vidole, nikawasukasuka ndani ya bilauri na kuzipanga kila moja nyuma ya sinia lake. Wenzangu walikuwa wakipita na kutafuna, wakishushia kwa chai ya maziwa, wakitaniana. "Huyu mama anawaogesha!" akasema mkaguzi mmoja, watu wakacheka. Nami nikacheka. Nilikuwa nimeona sinia la tano: chini ya bilauri yake palikuwa na mchanga unaotosha kuzika mende. Bilauri ya sita ilikuwa safi, maji tu na magamba mawili yakielea.

Alasiri Mwenyekiti alisoma majibu. Masinia sita yamefaulu. La tano limeanguka kwa mchanga na uchungu. La sita limeanguka kwa mchanga na uchungu. Kisha akafunua karatasi ya majina, na la sita lilikuwa Ujiji.

Ukumbini mtu akasema kwa sauti ya chini, "Si tulisema?" Mratibu wangu aliinamisha kichwa. Mimi nilimwona Bi Mgeni na chanja zake, na wanawake wote wale wakimwaga magunia kwenye vumbi la Manyovu kwa kosa walilokwisha kuliacha. Nikasimama.

"Mwenyekiti, la sita halina mchanga."

"Kaa chini, Bibi," Mratibu akaninong'oneza. "Fomu yako haina ladha. Huna hoja."

Sikukaa. Nilikwenda mezani, nikaichukua bilauri ya tano kwa mkono huu na ya sita kwa mkono huu, nikaziweka mbele ya Mwenyekiti. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akainama mpaka pua ikakaribia maji.

"Watu wote wamesikia mchanga kwenye la sita," akasema polepole. "Umetoka wapi?"

"Kwenye la tano. Wameubeba mdomoni. Mchanga unajificha kwenye fizi, na uchungu wa dagaa aliyelala unakaa kooni, chai haiuondoi. Wanaume kwa wanawake, wote mmekwenda mstari mmoja, la tano halafu la sita; dagaa safi wa la sita ndio waliowasugua mdomo, la saba likapona. Mimi peke yangu sikubeba kitu, kwa sababu mdomo wangu umefungwa."

Vicheko, safari hii vya aina nyingine. Mkaguzi aliyenitania alikuwa akipitisha ulimi kwenye meno yake.

"Rudini kinyumenyume," nikasema. "Anzeni la nane mshuke. Nikiwa mwongo, la sita litaanguka tena, nami nitarudi Kigoma kwa miguu."

Mratibu aliinuka kupinga, akasema muda umekwisha. Mwenyekiti alimtazama juu ya miwani. "Ziwa ni letu sote, bwana. Muda tutaupata." Akawatuma wakaguzi watano wakatafune tena, kutoka la nane kushuka.

Nilisimama kando, mikono nyuma. Nilikuwa na kiu. Nisiwadanganye: Bujumbura ina joto, na siku hiyo ulimi wangu ulikuwa kama kipande cha ngozi. La nane, zuri. La saba, zuri. La sita: mkaguzi wa kwanza alitafuna, akasimama, akatafuna tena, akaandika. Wa pili hivyo hivyo. La tano, wote walikunja uso. Halafu wakafika la nne, lililofaulu asubuhi kwa sifa, na wote watano wakaandika: mchanga, uchungu.

La nne lilitoka kwa Mwenyekiti mwenyewe, Rumonge. Alisoma karatasi, kisha akaanza kucheka kwa mabega. "Mama," akasema, "umewaponya wako, ukataka kuniulia wangu!" Akaiweka bilauri ya nne kwenye mwanga. Safi. Basi Rumonge ikabaki kwenye orodha, Ujiji ikaingia, na kwenye kanuni wakaongeza mstari: mchanga upimwe kwa maji.

Kesho yake tulirudi. Gari lilisimama Rumonge mchana ili dereva ale. Palikuwa na samaki wa kuchoma, migebuka, na ndizi, moshi wake ukivuka barabara. Nilikuwa nimechoka, magoti yananiuma, na safari bado ndefu. Nikashuka, nikanawa mikono, nikaagiza. Mratibu alinikuta nimeshafika kwenye mfupa.

"Bibi! Leo unakula?"

"Bismillahi, karibu."

"Na jana yote ile ilikuwa ya nini?"

"Jana uliniamuru."

Alisimama na sahani yake, asijue akae au aondoke. Mwishowe akakaa. Akanisogezea pilipili. Siku hiyo niliilipa baada ya Idi, Jumatatu moja yenye upepo, na haikunielemea hata kidogo.

Ujiji nilipita njia ileile. Bi Mgeni alisikiliza habari yote akigeuza dagaa kwenye chanja, kisha akasema, "Kumbe walikuwa wanakula mchanga wa wenzetu wanatusingizia sisi," akaniita nimsaidie kugeuza upande wa pili.

Cheo sikupanda tena. Mratibu aliandika taarifa yake ya safari, na neno moja la taarifa hiyo likaingia kwenye jalada langu likakaa humo mpaka nilipostaafu: mkaidi. Sasa niko nyumbani, nina shamba dogo la mihogo Simbo, na vijana wa kazi hunijia kuuliza jinsi ya kuishi na wakubwa. Nawaambia watii. Mkubwa akikutuma kwenye mvua, nenda. Akikuhamisha, funga mizigo. Mkono wako ni wake mpaka saa za kazi ziishe, na macho yako, na miguu. Lakini kuna vitu ulivyokuja navyo kutoka kwenu kabla hujaajiriwa, na hivyo havimo kwenye mkataba.

Siku ya kuniaga, karani wa masijala, msichana mwenye huruma, alinifungulia lile jalada akanionyesha lile neno. Akanong'ona kwamba anaweza kuniandikia barua, likafutwa, nitoke msafi. Nikamwambia alirudishe jalada kabatini, taratibu, wino usije ukafifia.